Frantz Fanon: daktari aliyewatibu wakimbizi waliokosa usingizi

Wengi wanaolijua jina la Frantz Fanon wanamjua kama mwandishi wa siasa na mpinzani wa ukoloni. Vitabu vyake bado vinasomwa vyuoni, na bado vinabishaniwa, hasa yale aliyoandika kuhusu matumizi ya nguvu. Makala hii haiingii katika ubishi huo. Inazungumzia kazi iliyompa mkate wake wa kila siku: Fanon alikuwa daktari wa magonjwa ya akili. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake alikuwa amefukuzwa nchi aliyoifanyia kazi, akaishi ugenini, na huko akawatibu wakimbizi.

Tumechagua kuyasimulia maisha yake kwa sababu maswali aliyokutana nayo ndiyo tunayoyasikia kila wiki katika makazi yetu. Kwa nini mwili unauma na vipimo havionyeshi kitu? Kwa nini silali wakati vita nimeviacha mbali? Je, nikienda kumwona mshauri, majirani watasema nimekuwa kichaa?

Kijana wa Martinique

Fanon alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 mjini Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique, kilichokuwa koloni la Ufaransa katika bahari ya Karibi. Baba yake alifanya kazi katika idara ya forodha na mama yake alikuwa na duka. Watu weusi wa kisiwa hicho ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko kama watumwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akiwa bado kijana mdogo, aliondoka nyumbani kujiunga na jeshi la Ufaransa Huru. Alipita Morocco na Algeria, kisha akapigana mashariki mwa Ufaransa, ambako alijeruhiwa na kupewa nishani. Lakini ndani ya jeshi hilo hilo aliona askari wakipangwa na kutendewa kwa kufuata rangi ya ngozi. Alirudi nyumbani mwaka 1945 akiwa na jeraha la mwili na jeraha jingine ambalo hakuna nishani ya kuliponya. Mwaka 1952 alichapisha kitabu chake cha kwanza, kuhusu kile ambacho ubaguzi unaifanyia nafsi ya mtu mweusi.

Maumivu yasiyoonekana katika vipimo

Fanon alisomea udaktari katika mji wa Lyon, Ufaransa. Wakati huo mji huo ulikuwa na vibarua wengi kutoka Afrika Kaskazini, wanaume walioacha wake na watoto nyumbani, wakilala wengi chumba kimoja. Walipofika hospitalini walisema wanaumwa. Wakiulizwa wapi, walijibu kwamba ni mwili mzima. Vipimo havikuonyesha ugonjwa. Madaktari wengi waliwachukulia kuwa waongo au wavivu wanaokwepa kazi, wakawapa kidonge chochote ili waondoke.

Mwaka 1952 Fanon aliandika makala katika jarida la Ufaransa lililoitwa Esprit kuhusu wagonjwa hao. Hoja yake ilikuwa rahisi. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Mtu aliye mbali na watu wake, asiye na uhakika wa kazi wala wa makazi, anayetazamwa kwa dharau kila anapopita, anaweza kuumwa mwili mzima bila kidonda. Daktari anayemdharau mgonjwa wa namna hiyo anamwongezea ugonjwa. Kwa hiyo daktari anapaswa kumuuliza anaishi wapi, anakula nini, anamkumbuka nani na anaogopa nini.

Msomaji aliyewahi kutoka kituo cha afya na jibu kwamba hana tatizo, huku kichwa kikiendelea kumgonga, ataelewa kwa nini makala hiyo ina uzito hadi leo.

Mwalimu aliyekuwa mkimbizi

Baada ya Lyon, Fanon alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya Saint-Alban, katika milima ya kusini mwa Ufaransa. Huko alimkuta daktari aitwaye François Tosquelles, aliyekuja kuwa mwalimu wake mkubwa.

Tosquelles mwenyewe alikuwa mkimbizi. Alitoka Hispania mwaka 1939, baada ya upande wake kushindwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akavuka milima kuingia Ufaransa na kuwekwa katika kambi ya Septfonds. Katika kambi hiyo, katikati ya matope na njaa, alianzisha huduma kwa watu waliovunjika moyo na kuchanganyikiwa. Alishirikiana na wakimbizi wenzake, ambao wengi wao hawakuwa wauguzi. Aliona kwamba mtu wa kawaida anayejua kukaa na mwenzake na kumsikiliza anaweza kuwa msaada mkubwa.

Alipohamia Saint-Alban alikwenda na fundisho hilo. Wakati wa vita, makumi ya maelfu ya wagonjwa wa akili walikufa kwa njaa katika hospitali za Ufaransa. Saint-Alban iliwafungulia wagonjwa wake milango, wakatoka kufanya kazi kwa wakulima wa jirani na kurudi na chakula. Huko wagonjwa waliendesha mikutano, gazeti na kazi za mikono pamoja na wauguzi. Kwa Tosquelles, hospitali yenyewe inaweza kuwa mgonjwa, na lazima itibiwe kwanza.

Blida: kushindwa, kisha kujifunza

Mwezi Novemba 1953 Fanon alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville, kusini-magharibi mwa mji wa Algiers. Algeria ilikuwa chini ya Ufaransa, na hata wodi zilitenganishwa: Wazungu upande wao, Waislamu upande wao. Yeye alipewa wanawake wa Kizungu 165 na wanaume Waislamu 220.

Alianza kwa kufanya yale aliyojifunza kwa Tosquelles. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha mikutano, sherehe, filamu, ushonaji na gazeti la hospitali. Katika muda mfupi wodi ilibadilika. Wagonjwa waliokuwa wamekaa kimya kwa muda mrefu walianza kusema.

Katika wodi ya wanaume Waislamu alifanya yale yale. Alishindwa kabisa. Walikuja mkutanoni wakakaa kimya, kisha wakaacha kuja. Kwaya haikuwavutia. Kusuka vikapu kwao ilikuwa kazi ya wanawake. Hakuna kilichosogea, na wauguzi wakaanza kusema kwamba watu hao ndivyo walivyo.

Hapa ndipo maisha ya Fanon yanapotufundisha zaidi. Kulikuwa na maelezo tayari mezani. Madaktari wa kikoloni wa Algiers walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba akili ya Mwafrika wa Kaskazini ina kasoro ya kuzaliwa. Hata huku kwetu Afrika Mashariki, daktari J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kwamba ubongo wa Mwafrika haufanyi kazi kama wa Mzungu. Fanon angeweza kujificha nyuma ya maneno hayo. Badala yake alikubali kwamba kosa lilikuwa lake, na baadaye katika kitabu chake cha mwisho aliwajibu madaktari hao wote, Carothers akiwemo.

Yeye na daktari kijana aitwaye Jacques Azoulay walianza kuchunguza wagonjwa wao ni akina nani hasa. Wengi walikuwa watu wa mashambani, na wengi hawakuwa na ardhi tena. Walizoea kumsikiliza mzee wa familia. Kamati iliyochaguliwa wodini ilikuwa jambo geni kwao. Zaidi ya hayo, Fanon hakujua Kiarabu wala Kikabyle, akalazimika kuzungumza nao kupitia mkalimani. Aligundua kwamba kwa mgonjwa, mkalimani alikuwa mtu wa mahakamani na wa ofisi za serikali. Mtu akimwona mkalimani, anaanza kujitetea kama mshtakiwa. Fanon akaanza kujifunza Kiarabu.

Kisha wakabadilisha mambo. Walifungua mkahawa ndani ya hospitali, kama ule ambao wanaume wa Algeria walizoea kukaa, kunywa kahawa na kuzungumza. Sikukuu za Kiislamu zikaanza kusherehekewa. Msimulizi wa hadithi akaalikwa kusimulia kwa lugha ya watu. Ukatengenezwa uwanja wa mpira, na waliotaka wakapewa majembe walime bustani. Polepole wanaume waliokuwa kimya wakaanza kukaa pamoja. Mwaka 1954 Fanon na Azoulay walichapisha taarifa ya jaribio hilo, wakieleza wazi jinsi walivyokosea. Si madaktari wengi wanaochapisha makosa yao.

Vita vinaingia wodini

Tarehe 1 Novemba 1954 vita vya kupigania uhuru wa Algeria vilianza. Baada ya muda mfupi vilifika mlangoni kwa Fanon. Alitibu watu walioteswa ambao walishtuka kila waliposikia mlango unagongwa. Alitibu pia polisi wa Kifaransa waliotesa watu mchana na usiku wakashindwa kulala, wengine wakiwapiga wake zao na watoto. Alijifunza kwamba ukatili unamjeruhi anayetendewa na pia anayeutenda, ingawa wawili hao hawalingani katika lawama.

Wakati huo huo alikuwa akiwasaidia wapigania uhuru kwa siri. Mwishoni mwa mwaka 1956 aliacha kazi kwa barua ndefu kwa mkuu wa serikali ya Ufaransa nchini Algeria. Alieleza kwamba kazi ya daktari wa akili ni kumsaidia mtu asijione mgeni mahali anapoishi, na kwamba haiwezekani kuifanya katika nchi ambayo mwenyeji amefanywa mgeni nyumbani kwake. Mwezi Januari 1957 serikali ilimfukuza Algeria. Baadaye alikwenda Tunis, akaishi huko na mke wake Josie na mtoto wao mdogo.

Miongoni mwa wakimbizi, Tunisia

Tunisia ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, na tayari Waalgeria walikuwa wanamiminika mpakani. Jeshi la Ufaransa lilikuwa likiwahamisha watu na kuchoma vijiji katika maeneo ya mpaka. Mwaka 1957 serikali ya Tunisia iliomba msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa shirika hilo kuendesha kazi yake barani Afrika.

Kuvuka mpaka hakukuwapa watu hao usalama kamili. Tarehe 8 Februari 1958 ndege za Ufaransa zilishambulia kijiji cha Sakiet Sidi Youssef, ndani ya Tunisia, siku ya soko. Watu zaidi ya 70 waliuawa, wakiwemo watoto wa shule. Magari ya Msalaba Mwekundu yaliyoleta msaada kwa wakimbizi yalipigwa pia.

Fanon alifanya kazi ya habari katika gazeti la wapigania uhuru, na pia kazi ya hospitali. Katika hospitali ya Charles-Nicolle mjini Tunis alianzisha kituo cha mchana cha wagonjwa wa akili, kimojawapo cha kwanza barani Afrika. Mgonjwa alikuja asubuhi, akapata dawa, mazungumzo na shughuli, kisha jioni akarudi kwake. Kwa nini? Fanon alikuwa ameona kwamba hata hospitali nzuri yenye mkahawa na bustani bado ina ukuta. Mgonjwa hupona akiwa katika maisha yake halisi, akikutana na mke, watoto, jirani na shida za kila siku, huku akijua kwamba kesho asubuhi yupo mtu wa kumsikiliza.

Katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1961, aliweka sura nzima ya habari za wagonjwa wake wa wakati wa vita. Ndani yake wamo wakimbizi wa mipaka ya Tunisia na Morocco. Aliandika kuhusu wanawake waliochanganyikiwa baada ya kujifungua kambini. Wengine walinyamaza kabisa, wengine walihangaika, wengine walitaka kujiua au kumdhuru mtoto. Alieleza kwamba dawa iliwasaidia, lakini mama aliyetibiwa alirudi katika njaa ile ile, hofu ile ile na kusubiri habari za mume asiyejulikana aliko. Hali iliyomuumiza ilikuwa bado inamngoja nje ya mlango. Kwa hiyo, kwa Fanon, chakula, usalama na habari za jamaa waliopotea vilikuwa sehemu ya tiba.

Aliandika pia kuhusu watoto waliopoteza wazazi. Waliogopa kelele. Walikojoa kitandani, walitembea usingizini, walikuwa wakali kwa wenzao, na walimng'ang'ania mtu mzima yeyote aliyefanana na baba au mama. Kwa macho ya haraka mtoto huyo ni mtundu. Fanon alimwona kama mtoto mwenye kiu ya amani na ya kupendwa. Watoto hao walipewa karatasi na rangi wachore walichokiona, kwa sababu mtoto mara nyingi huchora jambo ambalo hawezi kulisema. Michoro ya watoto wakimbizi wa Algeria waliokuwa Tunisia ilitumika mwaka 1961 katika filamu fupi iitwayo J'ai huit ans, ambayo Fanon alishiriki katika maandalizi yake.

Siku za mwisho

Mwaka 1959 Fanon aliumia vibaya mgongo karibu na mpaka wa Morocco na Algeria. Mwaka 1960 alipelekwa Accra kuwa balozi wa serikali ya Algeria iliyokuwa uhamishoni. Agosti mwaka huo alikuwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, katika mkutano wa nchi za Afrika ulioitishwa na Patrice Lumumba, ambaye alikuwa amefahamiana naye tangu mkutano wa Accra wa mwaka 1958. Miezi michache baadaye, Januari 1961, Lumumba aliuawa, na Fanon akaandika makala ya majonzi na ya kuwalaumu waliomwacha.

Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa anajua kwamba anakufa. Madaktari walikuwa wamegundua saratani ya damu. Alitibiwa Moscow, akarudi Tunis, na kwa majuma machache ya mwaka 1961 akatunga kitabu chake cha mwisho, akitamka maneno na kuandikiwa. Alikufa tarehe 6 Desemba 1961 katika hospitali ya Bethesda, Marekani, akiwa na miaka 36. Alikuwa amesajiliwa kwa jina la Ibrahim Fanon. Mwili wake ulirudishwa Tunisia, ukavushwa mpaka na kuzikwa katika ardhi ya Algeria, kama alivyotaka. Leo hospitali ya Blida inaitwa kwa jina lake.

Hakuiona siku ya uhuru, Julai 1962. Mwaka huo wakimbizi zaidi ya 180,000 walirudi Algeria kutoka Tunisia na Morocco.

Maisha haya yanatuambia nini sisi?

Kwanza, yanatuambia sisi wa mashirika. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika tangazo la kikao cha kujifunza kutuliza akili: kukaa kimya, kufumba macho, kupumua polepole. Mazoezi hayo ni mazuri na yamewasaidia wengi. Siku hiyo walikuja watu wanne. Tulisema watu hawana mwamko. Baadaye mama mmoja alinieleza kwa upole kwamba kufumba macho katikati ya watu asiowajua kunamrudisha usiku ule walipovamiwa, na kwamba yeye hutulia anapopukuchua mahindi na wenzake huku wakiimba. Tangu hapo tunauliza kwanza. Tulifanya kosa lile lile la Blida, nasi tulipaswa kukubali kuwa ni letu.

Pili, yanakuambia wewe msomaji. Kukosa usingizi, kushtuka kwa kelele, maumivu yasiyo na kidonda, hasira za ghafla na kutotaka kuonana na watu ni mambo yanayowapata watu wengi waliopitia uliyoyapitia. Hayamaanishi kwamba wewe ni kichaa au umelogwa, wala kwamba imani yako ni dhaifu. Yakikaa kwa majuma, au yakikuzuia kupika, kulima au kulea, zungumza na mhudumu wa afya wa jamii katika kijiji chako au nenda kituo cha afya. Mweleze unavyolala na unavyoishi, pamoja na mahali panapouma. Una haki ya kuomba mkalimani unayemwamini, au kuomba abadilishwe kama ni jirani usiyetaka ajue mambo yako.

Mtoto akianza kukojoa kitandani baada ya safari, usimpige. Mpe muda, mpe mahali pa kucheza, na mkalishe karibu nawe jioni. Mama aliyejifungua akinyamaza, akikataa kula au kumkwepa mtoto, asiachwe peke yake. Na mtu yeyote akisema anataka kufa, usimwambie tu avumilie. Kaa naye, ondoa vitu vya hatari, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na wale mnaokutana kusuka, kuimba, kucheza mpira, kusali au kunywa chai pamoja, endeleeni. Kama mnafahamu jirani ambaye haonekani siku hizi, mpitieni leo.